"Tokooos" ni albamu dhaifu, lakini "si ya kwetu" si sababu

Mabishano ya Jumapili bado hayajaisha. Katika kipindi chetu cha mchana tuliuliza swali moja, jepesi, la kuwapumzisha watu kichwa: kati ya albamu zote za Fally Ipupa, ipi ndiyo dhaifu kuliko zingine? Tulidhani watu watacheka, watabishana kidogo, tutapiga nyimbo tatu nne na saa itaisha. Badala yake simu zilitushinda, na tulipofunga kipindi maneno yakaendelea kwa vinyozi, kwenye vituo vya motari, ndani ya manganda na kwenye foleni za maji, toka Lumu mpaka Mulambula.

Jibu la wengi lilikuwa moja: Tokooos, ile ya mwaka 2017.

Juu ya jibu lenyewe sina ugomvi mkubwa. Ugomvi wangu ni juu ya sababu. Mmoja alisema: "Ule si muziki wa Kongo." Mwingine: "Pale Fally aliuza rumba kwa Wazungu." Na papa mmoja, mwenye sauti ya upole kabisa, akasema kwamba wanaopenda albamu ile ni vijana "waliokuja juzi", ambao muziki hawaujui. Waliokuja juzi. Hapa Bagira hakuna asiyeelewa maneno hayo yanamlenga nani.

Kwa hiyo leo nasema mambo mawili, na naomba mtu asiyachanganye. La kwanza: Tokooos ni albamu dhaifu kweli, na nitaonyesha udhaifu wake uko wapi. La pili: kusema kitu "si cha kwetu" hakujawahi kuwa sababu ya kukihukumu, na katika mji kama huu wetu, wakati kama huu, ni maneno ya kuchunga sana mdomoni.

Udhaifu uko wapi

Tukumbushane kwanza. Fally aliingia Quartier Latin ya Koffi Olomide mwaka 1999. Mwaka 2006 akatoa albamu yake mwenyewe, Droit Chemin. Aliyekuwa na umri wa kucheza mwaka ule hawezi kusahau: ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mji umejaa kelele za kampeni, na bado harusi haikuwa harusi bila "Liputa" au "Associé". Mwaka 2009 ikaja Arsenal de Belles Mélodies, mwaka 2013 ikaja Power. Halafu, Julai 2017, Tokooos. Jina lenyewe amelichezea kutoka neno la Kilingala kitoko, yaani uzuri. Alitaka kuingia masikio ya Ulaya na ya vijana wa miji mikubwa ya Afrika. Akaalika Booba na Aya Nakamura kutoka Ufaransa, akamwalika R. Kelly wa Marekani. Nyimbo zikafupishwa, ngoma za kompyuta zikasogezwa mbele.

Kosa la kwanza la albamu hiyo ni kwamba nyimbo zake nyingi hazipandi. Sisi tumelelewa na wimbo wa sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anasimulia taratibu, watu wameketi, wengine wanaitikia kwa kichwa. Kisha gita linabadilika, atalaku anaita, na sebene inafunguka. Hapo hata mama aliyekuwa anaosha masufuria anaacha maji yapoe. Kazi hiyo inahitaji dakika sita, saba, wakati mwingine zaidi. Ukiupa wimbo dakika tatu na nusu, mwili unapoanza kuamka wimbo umekwisha. Ni sawa na kukaribishwa bugali na sambaza, ukanawa mikono, na sahani ikaondolewa.

Kosa la pili ni wageni. Kualika mgeni si vibaya. Lakini mgeni akija, mwenye nyumba anabaki kuwa mwenye nyumba. Katika Tokooos kuna nafasi ambapo Fally anaonekana kuwa yeye ndiye aliyealikwa. Sauti yake, ambayo ni mali kubwa kuliko zote alizonazo, inakatwa vipande ili kumpa mwingine nafasi. Na kuna wimbo mmoja, "Nidja", ambao muda umeuharibu kabisa: R. Kelly alihukumiwa kifungo cha miaka 30 huko New York mwaka 2022 kwa ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Katika mkoa ambao mama zetu na dada zetu wamepitia yale waliyopitia, wimbo huo siupigi, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kosa la tatu ni maneno. Franco mwaka 1985 alituimbia "Mario", kisa cha kijana mwenye nguvu zake na masomo yake anayekaa kulishwa na mama mtu mzima, na mpaka leo mtu akikaa bure nyumbani kwa mwanamke anaitwa Mario. Hiyo ni nguvu ya kisa: wimbo unakuwa jina la kitu. Ukisikiliza Tokooos toka mwanzo mpaka mwisho, unapata mapenzi, usiku, manukato na mwanamke mzuri anayepita. Kisa ambacho mtu angekisimulia kesho yake kwa jirani ni kigumu kukikuta.

Na kosa la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: gita limefichwa. Hili sikuambiwa na mtaalamu wa Kinshasa. Nitarudi kwa aliyenieleza.

Lakini tuwe wakweli

Mtu anayesema albamu yote ni takataka hajaisikiliza. "Eloko Oyo" imo humo, na kila mtu wa Bagira anajua wimbo huo ulivyopigwa. Ukiusikiliza vizuri utakuta chini ya vyombo vya kisasa kuna mdundo wa ngoma za kijijini, watu wanaitikiana kama kwenye sherehe ya mavuno. Wale wale wanaosema kwamba mwaka 2017 Fally aliikimbia Kongo, niliwaona wakicheza wimbo huo na makoti wameyavua.

Kuna na jambo lingine ambalo wengi hawakulitaja. Katika albamu nyingi za Kinshasa tumezoea mabanga: mwimbaji yumo katikati ya wimbo wa mapenzi, ghafla anaanza kutaja majina ya matajiri, wafanyabiashara na wakubwa waliolipa ili watajwe. Nyimbo zingine zimejaa majina mpaka mapenzi yenyewe yanakosa pa kukaa. Katika Tokooos mzigo huo umepungua sana. Kwa mara moja tunamsikiliza mwimbaji, si orodha ya wenye pesa. Hilo mimi nalihesabu kuwa jema, na yeyote anayesema albamu hiyo iliuza rumba kwa pesa, aniambie kwanza mabanga ni biashara ya nani.

Halafu, kuuza. Mwaka 2018, mwaka mmoja tu baada ya Tokooos, Fally alitoa Control, na watu wa rumba wakafurahi. Mwaka 2020 akarudi upande ule mwingine na Tokooos II. Desemba 2022 akatoa Formule 7, na humo kuna rumba ndefu za kumtosha hata yule papa wa Jumapili. Mtu aliyeuza nyumba harudi kulala ndani yake. Fally hakuuza, alitoka, akatembea, mguu mwingine ukateleza, akarudi. Tuseme aliteleza. Hilo ni sahihi, na linatosha.

Kwetu ni wapi?

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe. Anayesema "si muziki wa Kongo" anadhani kuna siku muziki wa Kongo ulikuwa umefungwa ndani ya nyumba, madirisha yote yamefungwa, na Fally ndiye aliyefungua mlango. Siku hiyo haipo.

Wimbo wa uhuru wetu, ule uliopigwa mwaka 1960 na Grand Kallé na African Jazz, unaitwa "Indépendance Cha Cha". Cha-cha ni dansi ya Cuba. Wimbo wenyewe ulizaliwa Brussels, wakati viongozi wetu walipokuwa kwenye meza ya mazungumzo na Wabelgiji. Kwa hiyo wimbo wa Kikongo kuliko nyimbo zote, ambao ukipigwa wazee wanasimama, ulitengenezwa Ulaya kwa mdundo wa ng'ambo ya bahari. Kuna mtu anayethubutu kusema si wa kwetu?

Rumba yenyewe vilevile. Babu zetu wa Kongo walipelekwa Cuba katika minyororo, wakaenda na ngoma zao. Karne zikapita, na mdundo ukarudi Léopoldville na Brazzaville ndani ya sahani za santuri. Wazee wakautambua kama mtu anavyotambua mtoto wa ndugu yake aliyezaliwa mbali. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa jina la Kongo zote mbili. Kitu walichokiandika ni muziki uliosafiri, ukachanganyika, ukarudi.

Endeleeni. Zaiko Langa Langa ilipoanzishwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, vijana wale waliondoa tarumbeta na saksafoni, wakaweka mbele gita na ngoma kavu. Kwa masikio ya wakati ule, okestra bila tarumbeta ilikuwa kama nyumba bila paa. Leo anayetaka kukuonyesha kwamba anajua "muziki wa kweli" anakuanzia na Zaiko. Waliokuja juzi wa mwaka 1969 ndio wazee wa leo.

Na Papa Wemba? Mwaka 1995 alitoa Emotion katika kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza, muziki uliopangwa kwa masikio ya Wazungu, na ndani yake alirudia hata wimbo wa Otis Redding. Alikuwa na Viva la Musica kwa ajili ya watu wa nyumbani na kundi lingine kwa ajili ya majukwaa ya nje. Ni kazi ile ile aliyoijaribu Fally miaka 22 baadaye. Lakini Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 na kufariki, nchi nzima ililia, na hakuna aliyeuliza kama alikuwa wa kwetu.

Kuna jambo moja zaidi, na hapa nawauliza watu wa Bukavu peke yao. Jumapili mlisema Droit Chemin ni ya kwetu na Tokooos si ya kwetu. Sawa. Droit Chemin imeimbwa kwa lugha gani? Kilingala na Kifaransa. Wangapi kati yetu, tuliozaliwa kwenye Mashi na Kiswahili, tunafahamu kila neno la Kilingala lililomo? Tunaimba pamoja naye, tunakosea maneno, tunacheka, tunaendelea. Kama kipimo cha "kwetu" ni lugha ya nyumbani, basi nusu ya nyimbo mnazoziomba kila wiki ni za wageni.

Aliyeimba kwa Kiswahili, katika nchi hii hii, ni Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. "Masanga" yake wapiga gita wa dunia nzima wanahangaika kuinakili mpaka leo. Miaka yote niliyokaa kwenye kipindi hiki, maombi ya Mwenda naweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tunataka ya kwetu, lakini ya kwetu hatuyaombi.

Kwa hiyo "kwetu" ya Jumapili haikuwa lugha, haikuwa mdundo, haikuwa mahali. Ilikuwa nini? Ilikuwa njia fupi ya kumnyamazisha mwenzako bila kumjibu.

Kijana ambaye hakupiga simu

Jumatatu asubuhi nilipata simu ya kijana mmoja. Hakutaka jina lake lisomwe, na sitalisoma. Ametoka upande wa Minova, yuko Bagira na mama yake na wadogo zake katika familia iliyowapokea, chumba kimoja na pazia katikati. Nilimwuliza kwa nini hakupiga Jumapili, laini zilipokuwa wazi. Akasema: "Yaya, nikifungua mdomo tu wanasikia nimetoka wapi. Halafu hawaulizi tena juu ya muziki. Wanauliza nimekuja lini na nitarudi lini."

Kumbe kijana huyo alikuwa mpiga gita wa kwaya kwao. Gita lilibaki huko. Na ndiye aliyenieleza, kuliko wote waliopiga Jumapili, udhaifu wa Tokooos uko wapi. Alisema: katika Droit Chemin unaweza kufuata gita la solo toka mwanzo, unalisikia linajibizana na mwimbaji, likikaa kimya unajua linamsubiri. Katika Tokooos gita lipo mara nyingi, lakini limewekwa nyuma ya kinanda na ngoma ya mashine, linarudia kipande kile kile kifupi, halijibu mtu. "Hakuna mazungumzo," alisema. "Mwimbaji anaongea peke yake." Kisha akaongeza kwamba "Eloko Oyo" inamgusa kwa sababu humo kuna kuitikiana, watu wanajibizana hata kama gita halijibu.

Sikilizeni tena maneno ya yule papa: waliokuja juzi muziki hawaujui. Na huyu hapa, aliyekuja juzi, ana hoja kuliko studio nzima. Tungeweza kuisikia Jumapili. Hatukuisikia, kwa sababu mwenyewe aliona ni salama zaidi kukaa kimya.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Neno "si wa kwetu" likishazoea kutumika juu ya wimbo, halibaki kwenye wimbo. Linashuka barabarani. Linaingia kwenye foleni ya maji: nani achote kwanza. Linaingia kwenye kodi ya nyumba: huyu tumpandishie, atakwenda wapi? Linaingia shuleni, mtoto anaitwa kwa jina la kijiji chake badala ya jina lake. Na sisi, toka Kalehe mpaka Bukavu, tunajua watu hawakuhama kwa kupenda. Kuna waliohama baada ya maji na mawe kushuka juu ya Bushushu na Nyamukubi mwezi wa Mei 2023. Kuna waliohamishwa na vita mara mbili, mara tatu, kabla vita havijafika hapa mjini Februari 2025. Kuna familia za Bagira zenyewe ambazo siku zile zilifunga mizigo zikalala kwa watu wasiowajua. Juzi yao ni juzi yetu.

Ambao hawaamini kwamba ugomvi wa muziki unaweza kufika mbali, watazame Paris. Kwa miaka karibu kumi, Wakongo wengine wa Ulaya waliojiita combattants walizuia tamasha za wanamuziki wa Kongo, wakisema wanamuziki hao si wa wananchi bali wa wakubwa. Malalamiko yao yalikuwa na mizizi yake, na si kazi ya makala hii kuyapima. Lakini tarehe 28 Februari 2020, Fally alipoimba Bercy, moshi mkubwa ulipanda karibu na Gare de Lyon: vyombo vya usafiri vilichomwa, wasafiri wakakimbia. Ndani ya ukumbi Wakongo wanacheza, nje Wakongo wanawasha moto. Wote wanasema wanaipenda Kongo. Mabishano yanayoanza kwa kuuliza "huyu ni wa nani?" badala ya "amefanya nini?" yana tabia ya kuishia hivyo.

"Wakati kama huu mnaongea albamu?"

Nina jibu pia kwa kundi lingine, walioandika kwamba ni aibu redio kujadili Fally wakati watu hawana chakula, benki zimefungwa na barabara hazina usalama. Nawaheshimu. Habari hizo tunazitoa kila siku, asubuhi na jioni, na hatutaacha.

Lakini waulizeni wenyewe mnaosema mnawatetea. Mama wa familia iliyohama hapigi simu kuomba tumsomee takwimu za wahami. Anazijua, yumo ndani yake. Anapiga kuomba wimbo, na salamu: kwa dada yake aliyebaki nyuma, kwa mtoto aliyekwenda upande wa Uvira na hajulikani alipo, kwa jirani aliyewagawia unga. Matajiri wa Kinshasa wanalipa ili mwimbaji ataje majina yao. Watu hawa hawana cha kulipa, na salamu ya redio ndiyo libanga lao. Jina likisomwa, mahali fulani mtu analisikia na kujua kwamba fulani bado yupo. Anayeona huo ni mchezo hajawahi kutafuta mtu.

Na kubishana ni sehemu ya uzima huo. Aliyepoteza nyumba bado ana masikio yake, bado anajua wimbo upi ni mzuri na upi ni mbaya, na ana haki ya kukosana na mimi juu ya Tokooos kama mtu mwingine yeyote wa komine hii. Kumpa unga na kumnyima neno si kumpokea.

Basi tubishane vizuri

Jumapili ijayo tunarudia mada ile ile, na safari hii kuna masharti. Ni matatu.

Anayesema albamu ni mbaya ataje wimbo, na ataje mahali ndani ya wimbo: sauti, gita, maneno, au sebene iliyokosekana. "Haina ladha" peke yake hatuipokei. Hata mpishi unamwambia ni chumvi au ni moto.

Anayesema albamu nyingine ni bora alete wimbo wa kulinganisha. Tutapiga vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na watu wenyewe wasikilize.

Na hakuna atakayemwuliza mwenzake ametoka wapi. Lafudhi yoyote itapita: ya Kabare, ya Kalehe, ya Idjwi, ya Masisi, ya Kadutu. Atakayerudia "waliokuja juzi", awe papa, awe mama, awe rafiki yangu, fundi wa mitambo ana ruhusa ya kukata simu yake, na tutaendelea na wimbo.

Nimechagua tayari nyimbo za kufungulia: "Eloko Oyo", kisha "Associé", kisha Mwenda Jean-Bosco kwa Kiswahili chake. Mchana huo sikilizeni gita tu katika zote tatu, halafu mniambie ni wapi linajibu na ni wapi limenyamazishwa. Mimi nimeshasema langu: Tokooos ni dhaifu, na ni ya kwetu pamoja na udhaifu wake wote. Anayepinga, anipinge kwa hoja.

Asiye na unite ya kupiga simu aandike kwenye karatasi na kuileta studio kabla ya saa sita, au ampe mtoto anayepita. Tutaisoma kama ilivyoandikwa. Kijana wa Minova ameshaniahidi yake. Safari hii amesema nisome na jina.

Kutoka Bagira, mwandishi wenu.